Ini Likiugua, Akili Barabarani Huchelewa

Ndugu wakazi wa Nakivale, tuanze na mfano. Jina tumelitunga, lakini dalili tunazozitaja ni zile ambazo wahudumu wa afya huziona kwa wagonjwa wa ini.

Baba Furaha ana umri wa miaka 46. Alitoka Kivu ya Kaskazini, na hapa kambini anaendesha pikipiki kati ya Base Camp na Juru. Miaka 3 iliyopita alivimba tumbo, akapelekwa hospitali ya Mbarara, akaambiwa kwamba ini lake limejaa makovu yaliyosababishwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Daktari alimwambia aache pombe. Aliacha siku hiyo hiyo na hajaigusa tena.

Siku hizi wateja wake wanalalamika. Anarudisha chenji isiyo sahihi. Juzi aliipita njia panda ya kwenda nyumbani kwake mwenyewe, mpaka mkewe aliyekuwa amekaa nyuma akamgusa bega: "Baba Furaha, unatupeleka wapi?" Akacheka, akageuza. Mchana anasinzia juu ya pikipiki pale stendi, usiku anakaa macho hadi jogoo wanawika. Pumzi yake ina harufu isiyo ya kawaida, kama utamu uliochanganyika na uvundo. Wamotari wenzake wamekwisha kata shauri: amerudia lotoko. Shemeji yake anasema amerogwa. Yeye mwenyewe anasema hana tatizo lolote, ila watu wana maneno mengi.

Wote wamekosea. Baba Furaha ana ugonjwa ambao madaktari huuita ensefalopathi ya ini, yaani ubongo kuvurugika kwa sababu ini limeshindwa kazi yake. Ugonjwa huu unatibika. Lakini mtu asipoutambua mapema, unaweza kumwua yeye na abiria wake barabarani kabla ini lenyewe halijamwua.

INI NA NJIA ZA PANYA

Kila siku tumboni mwetu vijidudu vya kwenye utumbo hula mabaki ya chakula, hasa vyakula vya kujenga mwili, na kutoa sumu inayoitwa amonia. Wengi mnaijua harufu yake bila kulijua jina: ni ile inayochoma pua kwenye zizi la mbuzi au kwenye choo kilichokaa na mkojo bila kuoshwa. Kwa mtu mzima wa afya, damu yote inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini. Ini hukamata amonia, huigeuza kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, na figo hukitoa kwa njia ya mkojo. Kwa hiyo ini ni kama kizuizi cha barabarani ambapo kila mzigo hufunguliwa na kukaguliwa kabla ya kuingia mjini.

Ini likiharibiwa kwa miaka mingi hupata makovu na kuwa gumu. Hali hiyo huitwa sirosisi. Hapo mambo mawili hutokea. Kwanza, wakaguzi wenyewe wamepungua, hivyo sumu nyingine hupita bila kukamatwa. Pili, damu ikikuta njia imebana hutafuta njia za panya: hupita kwenye mishipa midogo ya pembeni, ikalizunguka ini na kwenda moja kwa moja kwenye moyo na ubongo ikiwa bado imebeba amonia. Seli za ubongo zikiipokea huvimba kidogo. Si uvimbe wa kuonekana kwa macho wala wa kuuma. Mtu anaamka, anakula, anaongea na majirani, anasali. Kilichopungua ni ile kasi ya akili ya kuona jambo, kuamua, na mkono kutii.

Kwa wagonjwa wengine hali hupanda: mtu anachanganya mchana na usiku, anaropoka, hajui siku wala mahali alipo, na mwisho anapoteza fahamu. Hatua hiyo kila mtu huiona. Hatari ya barabarani hasa ni hatua ya mwanzo, ambayo hata daktari akiongea na mgonjwa kwa dakika 10 anaweza asiigundue. Hatua hiyo ya kificho huwapata wengi miongoni mwa wenye sirosisi. Si jambo la nadra.

Hapa tunaomba jambo moja lieleweke vizuri, maana tunajua jinsi habari zinavyosafiri kwenye bomba la maji. Kuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B hakumfanyi mtu apungukiwe akili. Watu wengi wana virusi hivyo na ini lao bado linafanya kazi vizuri. Wanaweza kuendesha, kufundisha, kushona na kulima kama wengine. Virusi hivyo pia haviambukizwi kwa kula sahani moja, kupeana mkono au kupanda pikipiki moja. Tunaowazungumzia hapa ni wale ambao ini lao limekwisha pata makovu, iwe kwa virusi vya B au C, kwa pombe kali ya miaka mingi, au kwa sababu nyingine. Na hata kati ya hao, si wote walioguswa akili. Chama cha wamotari kisimwondoe mtu stendi kwa kusikia tu kwamba "ana ini".

KWA NINI BARABARANI?

Mtu mwenye hatua ya mwanzo ya ugonjwa huu anaweza kufanya vizuri kazi aliyoizoea ikiwa haina haraka. Atachambua maharage, atasuka mkeka, atasimulia habari za Masisi za miaka 30 iliyopita bila kukosea. Anachoshindwa ni kuangalia vitu vitatu kwa wakati mmoja.

Sasa fikiri kuhusu barabara zetu za vumbi. Lori linakuja mbele na nyuma yake huoni kitu. Mtoto yuko pembeni na dumu la maji. Mbuzi wanavuka. Abiria wako anaongea na simu na mzigo wake umeegemea upande mmoja. Mwendeshaji mwenye afya anaona yote hayo na mguu wake uko kwenye breki kabla hajajua kwamba ameamua. Kwa mgonjwa wetu, lori limechukua akili yote. Mtoto anaonekana akiwa amechelewa. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 katika sekunde moja. Kuchelewa sekunde moja tu ni kupita urefu wa nyumba ukiwa bado hujagusa breki.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2004 madaktari wa Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika barabarani. Wagonjwa wenye sirosisi, wote wakionekana wazima, walipewa gari huku mwalimu wa udereva amekaa pembeni yao. Kwa wale waliokuwa na ensefalopathi ya kificho, mwalimu alilazimika kuingilia kati ili kuzuia ajali mara nyingi zaidi kuliko kwa wengine. Nchini Marekani, uchunguzi uliotumia mashine za kuigiza uendeshaji ulionyesha kwamba wagonjwa wa namna hiyo hupotea njia na kukata kona mahali pasipofaa. Kumbuka Baba Furaha na njia panda yake.

Kwetu sisi liko jambo jingine ambalo huko Ujerumani halipo. Wengi wetu tulijifunza kuendesha Kongo, Burundi au Rwanda, ambako watu hupita mkono wa kulia. Hapa Uganda tunapita kushoto. Tukiwa wazima tumekwisha zoea. Lakini akili iliyochoka hurudi kwenye mazoea ya zamani, hasa wakati wa kutoka pembeni na kuingia barabara kuu. Mmotari wa siku nyingi anayejikuta upande wa kulia bila kujua amefikaje huko asichukue jambo hilo kama mzaha.

MGONJWA MWENYEWE HAJUI

Hili ndilo gumu kuliko yote. Mwenye malaria anajua anaumwa. Mwenye ugonjwa huu mara nyingi anajiona mzima, kwa sababu kiungo ambacho kingemwambia kwamba amepungukiwa ndicho kilichopungukiwa. Katika uchunguzi mwingine wa Marekani, wagonjwa waliulizwa wanaendeshaje. Walijipa alama nzuri, huku mashine ikionyesha kinyume. Kwa hiyo kumwuliza mgonjwa peke yake hakutoshi. Anayejua ni mke au mume, mtoto mkubwa, abiria wa kila siku, mwenzake wa stendi.

Mambo ya kuangalia ni haya ya kawaida. Analala mchana na kukesha usiku. Anakosea namba ya siri ya simu ambayo ameitumia miaka mingi. Mwandiko wake umekuwa mbaya ghafla. Amekuwa mkali au mkimya kuliko tabia yake. Anagonga vitu vidogo, anakwaruza mlango kwa usukani, anaangusha kikombe. Akinyoosha mikono mbele, viganja vimeinuliwa kama anayesimamisha gari na vidole vimetawanywa, baada ya muda viganja vinaanguka na kuinuka tena kama mabawa ya ndege. Dalili hiyo ya viganja ikionekana kwa mgonjwa wa ini, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kuna kipimo kimoja ambacho tunakipenda sana hapa kambini kwa sababu hakihitaji mashine, karatasi wala shule. Vipimo vingine vya ugonjwa huu humtaka mtu aunganishe namba kwa kalamu, na mama ambaye hakusoma ataonekana mgonjwa bure. Hiki ni cha mdomo. Mgonjwa aambiwe ataje majina ya wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika moja: ng'ombe, mbuzi, kiboko, mjusi, wowote wale. Ataje kwa lugha ya mama yake, si lazima Kiswahili. Mwingine ahesabu huku akitazama saa ya simu, wala asihesabu mnyama mmoja mara mbili. Mtu asiye na tatizo kwa kawaida hufika 15 au zaidi. Mwenye sirosisi akishindwa kufika 10, kuna sababu kubwa ya kumpeleka kwa mhudumu. Umri mkubwa nao hupunguza idadi, kwa hiyo kipimo hiki hakitoi hukumu, na tafadhali msikifanye mbele ya watu kwa kumcheka mtu. Kifanyeni nyumbani, kwa heshima, na idadi aliyofikisha iandikwe pamoja na tarehe. Ikishuka baada ya mwezi mmoja, hiyo ni habari muhimu sana kwa daktari.

JE, PIKIPIKI IUZWE?

Hapana, si haraka hivyo. Tunajua pikipiki moja inalisha nyumba nzima, na nyingine bado ina deni. Tukisema tu "acha kuendesha", mgonjwa ataacha kuja kliniki na ataendelea kuendesha. Hilo tumeliona kwa magonjwa mengine.

Tunachoomba ni kusimama kwa muda. Mwenye sirosisi ambaye ameanza kuonyesha dalili tulizozitaja asiendeshe pikipiki wala gari mpaka apimwe na kutibiwa. Baiskeli pia, hasa kwenye mteremko. Katika muda huo mdogo wake au kijana wa jirani mwenye leseni anaweza kuendesha na kuleta hesabu jioni, kama ambavyo wamotari wengi hufanya na pikipiki za matajiri wao. Mgonjwa akipata nafuu hupimwa tena, na wengine hurudi kazini. Aliyefikia hatua ya kuropoka au kupoteza fahamu asirudi barabarani bila daktari kumruhusu, hata kama anajisikia vizuri.

Namna ya kumwambia ina maana kubwa. Mzee akiambiwa na mwanawe mbele ya wageni kwamba akili yake imepungua, atapanda pikipiki kesho yake ili kuonyesha kwamba yeye ni mwanaume. Afadhali mkewe, au rafiki wa rika lake, amwambie faraghani, na lawama ziende kwa ini: "Daktari alisema ini hili linaweza kuchelewesha macho na mikono. Twende apime." Maneno hayo si ya uongo, na hayamvunjii mtu heshima.

DAWA, NA MAHARAGE

Dawa inayotumika zaidi ni maji mazito matamu yanayoitwa laktulosi. Hulainisha choo na huizuia amonia isiingie kwenye damu, ikatoka na haja kubwa. Kipimo sahihi ni kile kinachomfanya mgonjwa aende choo kilaini mara 2 au 3 kwa siku. Wengi huacha dawa hii kwa sababu ya aibu ya kwenda choo mara kwa mara, hasa wanaotumia choo cha pamoja na familia nyingine, na wamotari huiacha ili wasikatize safari. Tunawaelewa, lakini kuiacha ndiko kunakorudisha ugonjwa. Kwa upande mwingine, kuharisha maji mara nyingi kwa siku ni hatari pia, maana mwili ukikauka akili huvurugika zaidi. Hapo mwone mhudumu apunguze kipimo. Laktulosi ikikosekana, omba rufaa au ushauri. Usijaze pengo kwa dawa ya kuharisha ya dukani.

Kuhusu chakula, kuna ushauri wa zamani ambao bado unazunguka: kwamba mgonjwa wa namna hii asile maharage, samaki, mayai wala nyama, kwa sababu vinazalisha sumu. Zamani hata hospitali zilisema hivyo. Leo imejulikana kuwa ni kosa. Misuli nayo husafisha amonia. Mgonjwa akinyimwa chakula cha kujenga mwili misuli hukonda na akili huharibika zaidi. Basi maharage yaliwe, ndakala waliwe, sombe iliyotiwa karanga iliwe, ila karanga zenye ukungu zitupwe kwa sababu ukungu huo unaharibu ini. Ale kidogo kidogo mara nyingi, na asilale bila kula kitu: kikombe cha uji au ndizi kabla ya kulala kinasaidia. Mgonjwa wa ini asikae na njaa muda mrefu. Kama ni mfungo wa Ramadhani au maombi ya kufunga siku kadhaa kanisani, aongee kwanza na daktari, kisha na sheikh au mchungaji wake. Tumeona familia zikimfungisha mgonjwa aliyechanganyikiwa ili pepo atoke. Maombi yaendelee, lakini ale.

Pombe hapana, hata kasiksi "ya kunywa kidogo". Uganda ilipiga marufuku waragi ya vifuko mwaka 2019, lakini wote tunajua kwamba chupa zipo na za kupika nyumbani zipo. Dawa za usingizi kama diazepamu zinaweza kumpeleka mgonjwa huyu kwenye kupoteza fahamu; kwa hiyo asiyelala usiku asinunuliwe vidonge vya usingizi, maana kukesha huko ndiko ugonjwa wenyewe. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zinaumiza figo zake. Parasetamoli inaruhusiwa kwa kiasi, isizidi vidonge 4 vya miligramu 500 kwa siku, baada ya kumwuliza mhudumu.

Wenye virusi vya B walio kwenye matibabu humeza tenofovia kidonge kimoja kila siku. Majirani wengine wakiiona huanza maneno, kwa kuwa dawa hiyo hutumika pia kwa VVU. Waacheni waseme. Kuimeza bila kukosa huzuia virusi visiongeze makovu.

USINGOJE ASUBUHI

Ugonjwa huu una tabia ya kulala kimya halafu kuamka kwa siku moja, na karibu kila mara kuna kilichouamsha: kukosa choo kwa siku kadhaa, malaria au homa nyingine, kuharisha na kutapika, dawa za usingizi, au damu inayovuja tumboni. Mgonjwa wa ini akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akiwa na homa, akianza kuropoka au akiwa haamki vizuri, apelekwe usiku huo huo. Mlazeni ubavu, msimnyweshe kitu kwa nguvu, msimfunge kamba. Asibebwe kwa pikipiki akiwa amekaa nyuma peke yake, kwa sababu atalegea na kuanguka. Mtafuteni VHT wa kijiji ili gari la wagonjwa liitwe. Na msiamue nyumbani kwamba ni ini. Malaria ya kichwani na kushuka kwa sukari huleta dalili za namna hiyo hiyo, na vyote hupimwa kwa tone la damu.

Baba Furaha alipofika kituoni alikuwa na siku 5 bila choo. Mkewe ndiye aliyeeleza habari ya chenji na ya njia panda; yeye alikuwa akitikisa kichwa kwamba si kweli. Alitaja wanyama 7. Baada ya wiki 3 za laktulosi na uji wa usiku alitaja 16, na akauliza yeye mwenyewe pikipiki iko kwa nani.

Ukija kliniki kwa ajili ya tatizo hili, njoo na mtu anayeishi nawe nyumba moja. Leta karatasi za Mbarara kama unazo, na dawa zote unazotumia pamoja na za miti shamba, kwenye mfuko mmoja. Na siku hiyo kaa nyuma, mwingine aendeshe.